UZI: Barabara hii ni ya nani? Kauli tano kuhusu waenda kwa miguu wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye baraza la vijana wa mtaa wetu, Mtopanga, Kisauni. Waliokosa kuja wameniomba niiweke hapa, nami nimeiacha karibu kama nilivyoisema. Kanuni ni ile ile ya nyuzi zangu zote: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Tunajadili kauli, hatujadili watu. Ukija kwenye majibu na jina la mheshimiwa wako, nitakupita kama matatu iliyojaa.

Twende.

1/
Shikamooni wazee wetu. Vijana wenzangu, hamjambo.

Nianze na swali dogo. Nani hapa leo amekuja kwa miguu? Nyoosheni mikono tuone. Karibu wote. Na wewe uliyebaki na mkono chini kwa sababu umekuja na matatu, kwani matatu ilikuchukua kitandani? Ulitembea mpaka stegi, ukashuka, ukatembea tena mpaka hapa. Hesabu na wewe.

Sasa swali la pili. Mara ya mwisho kusikiliza mjadala wa siasa redioni ukizungumzia barabara, walizungumzia nini? Foleni. Lami. Daraja. Malori. Yaani walizungumzia gari. Sisi tulionyoosha mikono hapa tulitajwa mara moja tu, pale ilipotokea ajali.

2/
Niwaambie kwa nini nimechagua mada hii, manake wengine mnajua tayari.

Mwezi wa pili mdogo wangu, yuko gredi ya pili, aligongwa na pikipiki akivuka barabara mbele ya shule. Alivunjika mguu. Yuko hai, alhamdulillahi, na sasa anaruka na plasta kuliko mimi bila plasta. Mahali alipovukia palikuwa na zebra. Nasema palikuwa, kwa sababu rangi imefutika. Ukiitafuta utaona vipande viwili kama chaki iliyonyeshewa.

Yule mwenye boda ni kijana wa hapa hapa. Alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kibarazani, akalia. Tukamsamehe. Mamangu akasema Mungu ametuepusha. Lakini mimi nikawa nawaza kuna mtu wa tatu ambaye hakuja kutupa pole: mwenye barabara. Nikaenda kumtafuta.

Ofisi ya kwanza wakaniambia barabara ile si yao. Ofisi ya pili wakaniambia lami ndiyo yao, lakini mambo ya zebra ya shule niulize kwingine. Ofisi ya tatu sikupita mlangoni. Askari aliniambia nirudi na barua. Sizitaji, na si kwa uoga. Hata nikizitaja, kila moja itakutolea karatasi ya kuonyesha kwamba haikukosea, na huenda karatasi hizo zote ni za kweli. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Nilichojifunza katika siku zile mbili za kuzunguka ndicho nilichokuja kusema leo: lami ina mwenyewe, ukingo wa lami hauna. Na karibu kila kauli utakayoisikia kuhusu waenda kwa miguu imejificha kwenye huo ukingo. Nimezikusanya tano. Kila moja nitasema ukweli wake ni upi, inaficha nini, na uulize nini ukiisikia.

3/
Kwanza tuweke takwimu mezani ili tusibishane na hewa.

NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, imekuwa ikiripoti katika miaka ya karibuni zaidi ya vifo 4,000 vya barabarani kila mwaka nchini Kenya. Kundi linaloongoza kwa vifo hivyo ni waenda kwa miguu, zaidi ya theluthi moja. Madereva hawatufikii, wala abiria, wala watu wa boda. Tunaoongoza ni sisi wa viatu.

Na pale Likoni, idadi ambayo wasimamizi wa feri wamekuwa wakiitaja kwa miaka ni zaidi ya watu 300,000 na magari kama 6,000 kwa siku. Gawanyeni wenyewe. Kwa kila gari moja linalovuka, kuna watu hamsini. Halafu sikilizeni mjadala wa Likoni, muone dakika ngapi ni za yule mmoja na dakika ngapi ni za wale hamsini.

4/
KAULI YA KWANZA: "Watu wetu hawana nidhamu. Daraja la miguu lipo, zebra ipo, na bado wanakatiza barabara."

Ukweli wake upo. Tunakatiza. Mimi mwenyewe nimekatiza, na simu mkononi.

Inaficha nini? Inaficha ngazi. Daraja la miguu la ngazi linamwambia dereva: wewe nenda zako. Linamwambia mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya mahamri: wewe panda, zunguka, shuka. Mzee mwenye goti bovu, je? Hamali na mkokoteni wake? Mtu wa kiti cha magurudumu hata asianze. Binadamu hufuata njia fupi, awe Mtopanga au London. Mchoraji anayechora barabara akijifanya halijui hilo hajachora barabara, amechora matumaini.

Watu wa Changamwe wanalijua hili kuliko sisi. Barabara ya malori ikipanuliwa, gari hupewa nafasi na anayevuka huongezewa safari. Palipokuwa na hatua kumi panakuwa na hatua thelathini, na trela halijui kusimama ghafla.

Kuna mahali wamejaribu njia nyingine, tena si mbali. Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka kwenye shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa sana. Hawakuanza kwa kuwahubiria watoto. Walitazama watoto wanapita wapi, kisha wakaweka matuta, njia ya miguu, vivuko na vizuizi palepale wanapopita. Utafiti uliofuata ulionyesha majeraha ya watoto yamepungua kwa kama robo. Mpango huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Na vifaa vilikuwa nini? Saruji, rangi na mchanga. Hivyo vyote hata hapa Kisauni vinauzwa.

ULIZA: Kabla ya kutuambia tufuate njia, mlikuja lini kutazama tunapita wapi?

5/
KAULI YA PILI: "Tatizo ni wachuuzi. Wameziba njia za miguu. Waondolewe."

Ukweli wake: nenda Kongowea saa kumi na mbili asubuhi. Nyanya ziko njiani, mitumba iko njiani, tuktuk zimeegeshwa njiani, na wewe unatembea kwenye lami ukisukumwa na pembe za matatu. Siwezi kukataa.

Inaficha nini? Mchuuzi hakuziba njia kwa ubishi. Amefuata miguu, kwa sababu mteja wake anapita na miguu. Tumeona mara ngapi: askari wa kaunti wanakuja alfajiri, meza zinavunjwa, picha zinapigwa, na Ijumaa ya pili watu wamerudi palepale. Hiyo si sera, ni mchezo wa paka na panya unaolipiwa na kodi. Tena angalia nani hufukuzwa na nani huachwa. Mama wa mchicha anaondolewa kwa dakika tano. Gari lililopandishwa juu ya njia ya miguu mbele ya duka linapigiwa hodi kwa adabu.

Na sisi wapita njia tusijifanye watakatifu. Tunanunua palepale.

ULIZA: Mkiwaondoa, mmewapangia kukaa wapi, na njia ikishakuwa wazi mtaizuiaje isiwe maegesho?

6/
KAULI YA TATU: "Suluhu inakuja. Tunajenga daraja kubwa."

Hii ndiyo kauli tamu kuliko zote, hasa ikifika Likoni. Naomba niende taratibu, kwa sababu hapa tunazungumza juu ya makaburi ya watu.

Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama asubuhi, watu wakienda kazini. Walikufa watu 272. Wazee mlioketi hapa mbele mnakumbuka, na wengine mlizika. Wengi wa waliokufa siku ile hawakuwa na gari la kuvusha. Walikuwa na miguu yao na haraka ya kuwahi kazi.

Tangu hapo kila msimu wa siasa una daraja lake. Tuwe wakweli, mengine yalijengwa. Enzi ya Korona lilijengwa daraja la kuelea la Liwatoni, la waenda kwa miguu peke yao, likafunguliwa mwaka 2021 kwa gharama ya kama shilingi bilioni 1.9. Watu walishangaa kama kwamba ni kitu kipya, lakini Mombasa ilikuwa na daraja la kuelea zamani: lile la kwanza la Nyali la mwaka 1931, kabla hatujapata hili la mwaka 1980. Liwatoni lilikuwa na kasoro moja ambayo mtu wa Likoni hakuhitaji injinia kumweleza: mtu anayetoka steji ya feri na anayekwenda mjini ilibidi azunguke kulifuata. Lilipangwa palipofaa daraja. Miguu ilikuwa kwingine.

Halafu kuna barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na upande wa kusini bila feri. Ni kazi kubwa, siidharau. Lakini ni njia ya magari. Lori na gari dogo sasa vina pa kuzungukia. Mama wa Timbwani anayefanya kazi Mwembe Tayari hana pa kuzungukia.

Na lile daraja kubwa linalotajwa kila mara, la kupita juu ya mlango wa bandari? Fikirini jambo moja tu. Meli za kontena lazima zipite chini yake. Kwa hiyo lazima liwe juu sana, na mwinuko wake uanze mbali sana, pande zote mbili. Kwa gari hiyo ni dakika. Kwa mtu mwenye mzigo, jua la saa saba, ni safari. Inawezekana kupanga lifti, inawezekana kuacha feri za watu zikiendelea. Lakini mambo hayo hupangwa mwanzo, hayaongezwi mwisho.

Mimi sipingi daraja. Napinga kuhesabiwa kwenye hotuba na kusahauliwa kwenye mchoro.

ULIZA: Mtu asiye na gari atapandia wapi, atashukia wapi, na atatumia dakika ngapi? Kama jibu ni "tutaangalia", basi daraja hilo si lako.

7/
KAULI YA NNE: "Barabara hiyo si yetu. Ni ya serikali kuu." Au kinyume chake: "Hiyo ni kazi ya kaunti."

Hii ndiyo iliyonizungusha mimi, kwa hiyo niliisoma mpaka usiku.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu. KeNHA ni ya barabara kuu, KURA ni ya barabara za mijini, KeRRA ni ya vijijini. Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne likaipa serikali ya kitaifa barabara kuu za taifa. Kaunti ikapewa barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma.

Sasa chukueni barabara moja ya kwetu hapa bara. Lami inaweza kuwa ya mamlaka ya kitaifa. Taa iliyokufa juu yake ni jambo la kaunti. Anayekamata mwenye kasi ni polisi. Mtaro uliofunikwa na takataka, kila mtu atamwonyesha mwenzake kidole. Na shule iliyofungua lango lake barabarani iko chini ya wizara nyingine kabisa. Hapo kuna wenye nyumba watano, na mtoto anayevuka hana mwenyeji hata mmoja.

Hivyo basi mheshimiwa anapokwambia "si yetu", huenda hadanganyi. Ila anajibu swali ambalo hukumuuliza. Wewe hukuuliza lami ni ya nani. Umeuliza nani atahakikisha mtoto anavuka.

ULIZA: Sawa, si yenu. Mmemwandikia lini mwenyewe, na alijibu nini? Tuonyesheni barua. Kiongozi aliyefuatilia jambo atakuwa na barua. Aliyekwepa atakuwa na hotuba.

8/
KAULI YA TANO: "Wenye magari ndio wanaolipia barabara."

Hii haisemwi jukwaani sana. Inasemwa mitandaoni, mara nyingi na mtu aliyekwama kwenye foleni ya Nyali na hasira zake.

Ukweli wake: kuna ushuru wa matengenezo ya barabara unaokatwa kwenye mafuta. Mwaka 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa kila lita.

Inaficha nini? Inaficha nauli. Matatu ikijaza mafuta, ushuru ule hautoki mfukoni mwa tajiri wa gari, unatoka kwetu sisi tunaopanda. Boda vilevile. Hata nyanya iliyokuja na lori kutoka bara imelipa ushuru ule njia nzima, na wewe umemrudishia mchuuzi bila kujua. Kwa hiyo tunalipia barabara. Tunacholipia bila kupewa ni ukingo wake.

Nairobi mwaka 2015 ilipitisha sera ya waenda kwa miguu na baiskeli, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili yao. Sera ni ahadi, na ahadi ya kwenye karatasi hailindi mtu kugongwa. Lakini ahadi yenye namba ina faida moja: unaweza kuidai. Ahadi ya "tutawajali wananchi wote" utaidai wapi?

ULIZA: Fungu la waenda kwa miguu liko ukurasa gani wa bajeti, na ni shilingi ngapi?

9/
Sasa mtaniambia, wewe kijana wa chuo umetupa maswali matano, nani atayajibu?

Nimewaletea mambo mawili ambayo hayahitaji kumjua mtu.

La kwanza ni kalenda. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unatakiwa ufike kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti, tarehe 30 Aprili. Bajeti lazima iwe imepita kabla ya Juni kuisha. Kati ya tarehe hizo wananchi wanatakiwa washirikishwe. Sisi huwa tunakasirika mwezi wa Agosti, pesa zikishagawanywa, tunapaza sauti kweli kweli, na hakuna anayeweza kutusaidia hata akitaka. Hasira yetu iwe na tarehe.

La pili ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Inakuruhusu kuiandikia ofisi yoyote ya umma kuomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, jamani. Huhitaji wakili wala kumtafuta mtoto wa fulani akuandikie. Ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Na habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu, sheria inasema saa 48.

Barua yangu niliiandika kwenye karatasi ya mstari, nikaipeleka kwenye ile ofisi ya askari wa mlangoni, na safari hii nilipita. Nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Nimeuliza mambo matatu tu. Barabara iliyo mbele ya shule ile iko chini ya nani? Zebra yake ilipakwa rangi mara ya mwisho lini? Imetengewa fedha mwaka huu au la?

Sikuomba daraja. Sikuomba mtu afutwe kazi. Nimeomba kujua mwenye ukingo.

10/
Mzee mmoja aliniuliza swali zuri hotuba ilipoisha, naliweka hapa kwa sababu naona litaulizwa tena. Aliniambia: "Mwanangu, zebra ikipakwa rangi, boda zitasimama?"

Nilimjibu kweli: si zote. Rangi peke yake haisimamishi mtu. Ndiyo maana Dar waliweka tuta pamoja na rangi. Sheria ya Trafiki inasema gari lisizidi kilomita 50 kwa saa mjini, na wote tunajua inavyofuatwa hapa. Lakini zebra ikiwepo, yule kijana wa boda angekuwa na pa kupunguzia mwendo, mdogo wangu angekuwa na pa kusimama, na sisi tungekuwa na pa kuanzia kuuliza nani alikosea. Bila ile rangi tumebaki na neno moja tu, bahati mbaya. Na bahati mbaya haina ofisi.

Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Basi andika na la tuta." Nimeandika. Barua ya pili nimeipeleka Jumatatu, na imesainiwa na watu kumi na wanne wa baraza letu, wa kwanza akiwa yeye.

Siku ya 21 ya barua ya kwanza ni Alhamisi hii. Nitarudi hapa na jibu, au nitarudi na nakala yenye muhuri. Ukiwa Likoni, Changamwe au Jomvu na una kivuko kinachokutisha kila asubuhi, weka kwenye majibu hapa chini kilipo na shule au soko lililo karibu. Usiweke jina la mheshimiwa. Weka mahali.

Mdogo wangu anatolewa plasta wiki ijayo. Shule ni ile ile, na barabara ni ile ile.